Kabla hujaandika "si mpya": kuchunguza ombi la hataza la kishikizo cha lenzi ya jicho

Faili la kwanza la kifaa cha jicho lililowekwa mezani kwangu lilihusu pete nyembamba ya plastiki inayopandikizwa ndani ya jicho ili kushikilia lenzi bandia. Nilikuwa nimesomea uhandisi wa mitambo, na kwangu pete ilikuwa pete. Baada ya siku mbili nilikuwa nimeshapata hati ya zamani yenye pete inayofanana nayo, nikaandika barua kwamba uvumbuzi huo si mpya, nikampelekea mkubwa wangu wa kazi aisaini. Aliisoma akiwa amesimama. Kisha akaniuliza swali moja: "Hii ya zamani inagusa nini, na hii ya sasa inagusa nini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimelinganisha picha na picha.

Ninawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya kuchunguza maombi ya hataza, yaani haki ya kipekee juu ya uvumbuzi, hasa mliotoka kwenye uhandisi kama mimi, kwa sababu swali lile ndilo ninalojiuliza mpaka leo kwa kila faili. Kila neno la dai, yaani sentensi inayotaja kile ambacho mwombaji anataka kilindwe, litafutie mahali pake ndani ya jicho. Kama huwezi kuweka kidole kwenye mchoro wa jicho ukasema "neno hili liko hapa," uchunguzi bado haujaanza.

Kwa hiyo anza na jicho lenyewe, na usione haya kutumia siku nzima au mbili kwa hilo. Lenzi ya asili hukaa nyuma ya mboni, ndani ya kifuko chembamba chenye kupitisha mwanga, ambacho kipenyo chake ni kama milimita 10. Kifuko hicho kimening'inizwa pande zote na nyuzi laini ziitwazo zonuli. Mtu anapopata mtoto wa jicho, kinachoharibika ni kilichomo ndani ya kifuko. Daktari hutoboa tundu la duara la takriban milimita 5 kwenye ngozi ya mbele ya kifuko, husaga kilichomo kwa mawimbi ya sauti na kukifyonza, njia iliyoanzishwa na Charles Kelman mwaka 1967, kisha huingiza lenzi bandia iliyokunjwa kupitia mkato wa milimita 2 hadi 3 tu. Ikishaingia, lenzi hujikunjua. Sehemu yake ya katikati, inayopitisha mwanga, huwa na upana wa kama milimita 6, na mikono yake miwili huifanya ifikie milimita 12 hadi 13 kutoka ncha hadi ncha, ili isukume ukuta wa kifuko na kujishikiza.

Hapo ndipo matatizo huanza, na usipoyajua hutaelewa kwa nini mtu ameketi akabuni kishikizo. Lenzi bandia ni nyembamba sana ikilinganishwa na ile iliyotolewa. Kifuko kilichokuwa kimejaa sasa hunywea, ngozi ya mbele ikashikana na ya nyuma. Seli zilizosalia kwenye ukingo wa kifuko hutambaa hadi ngozi ya nyuma na kuweka ukungu, na mgonjwa aliyekuwa ameanza kuona vizuri hurudi tena hospitali kutobolewa ukungu huo kwa leza. Kifuko kinaposinyaa kinaweza kuipinda lenzi. Zonuli zikiwa dhaifu upande mmoja, kifuko chote huelemea upande mwingine. Tena katika jicho la kawaida, lenzi ikisogea milimita 1 mbele au nyuma ya pale daktari alipokadiria, nguvu ya miwani atakayohitaji mgonjwa hubadilika kwa zaidi ya dayopta 1, kipimo cha nguvu ya lenzi. Kishikizo huja kutatua mojawapo ya haya au kadhaa kwa pamoja: kuacha kifuko kikiwa wazi, kuzizuia seli, kuiweka lenzi mahali panapojulikana, au kumwezesha daktari kuitoa lenzi na kuweka nyingine miaka ijayo bila kukichana kifuko.

Jambo hili lina umri sawa na lenzi bandia yenyewe. Harold Ridley alipopandikiza lenzi ya kwanza katika hospitali ya St Thomas', London, tarehe 29 Novemba 1949, alichagua akriliki kwa sababu alikuwa ameona vipande vya vioo vya ndege za kivita vikikaa ndani ya macho ya marubani bila kuleta uvimbe. Nyenzo hiyo ilikuwa chaguo jema. Lililosumbua lilikuwa ushikaji: lenzi yake ilikuwa nzito na baadhi ziliteleza kutoka mahali pake. Tangu hapo watu wamekuwa wakitafuta namna ya kuishika. Ukilijua hilo hutashangaa kukuta hati nyingi, wala hutadhani kwamba wingi huo unamaanisha hakuna jipya lililobaki.

Sasa tuingie kwenye dai. Huu ni mfano nilioutunga mwenyewe kwa ajili ya kufundishia, si wa mwombaji yeyote:

"Kishikizo cha lenzi ya ndani ya jicho, chenye pete ya mbele na pete ya nyuma zilizounganishwa kwa nguzo zinazonyumbulika, pete hizo zikiwa zimeundwa ili kuiweka ngozi ya mbele ya kifuko cha lenzi mbali na ngozi ya nyuma, na chenye mfereji kwenye ukingo wake wa ndani wa kupokea mikono ya lenzi."

Lisome polepole. "Pete": je, lazima iwe imefunga, au pete yenye pengo nayo ni pete? Hili si swali dogo, kwa sababu pete nyingi za kukaza kifuko zinazojulikana zina pengo. "Nguzo zinazonyumbulika": kila kitu hunyumbulika ukikisukuma vya kutosha, hivyo tafuta maelezo ya ombi, yale yanayoambatana na dai, yanasema zinanyumbulika ili iwe nini. Huenda ni ili kifaa chote kikunjwe kipite kwenye mkato wa milimita 3. "Zimeundwa ili kuiweka ngozi ya mbele mbali": hapa hudaiwi kupata kitu kilichokwisha kuwekwa jichoni, unadaiwa kupata kitu chenye uwezo huo. "Mfereji wa kupokea mikono ya lenzi": mwanya wowote hauwi mfereji wa kupokea mkono, lakini mwanya wenye upana na kina cha kutosha unaweza kuwa, hata kama mwandishi wa zamani aliuweka kwa sababu nyingine kabisa.

Uzito wa maelezo katika kusoma dai ni suala lililobishaniwa sana. Upande wa Ulaya, Baraza Kuu la Rufaa la ofisi ya hataza liliamua mwaka 2025, katika shauri G 1/24, kwamba maelezo na michoro lazima viangaliwe kila mara dai linapofasiriwa, hata kama dai linaonekana liko wazi. Marekani mchunguzi hulifasiri dai kwa maana pana kuliko zote zinazokubalika kwa mujibu wa maelezo. Katika njia zote mbili kuna kosa moja ambalo wageni wa kazi hii hulifanya kwa nia njema: kuchukua sifa nzuri iliyo kwenye maelezo na kuiingiza kimyakimya ndani ya dai. Mwombaji ameeleza kurasa nne kwamba ukingo wa nyuma una pembe kali ya kuzuia seli. Unavutiwa, unasema uvumbuzi ni mpya kwa sababu ya pembe ile. Rudi kwenye dai: pembe haimo. Basi haimsaidii.

Utafutaji ndiyo kazi inayokula muda, na inastahili. Hati za vifaa hivi huainishwa chini ya msimbo wa A61F 2/16, mahali pa lenzi za ndani ya jicho, na ndani yake kuna A61F 2/1694 kwa vitanuzi vya kifuko katika mfumo wa pamoja wa Ulaya na Marekani. Usiishie hapo. Angalia pia A61F 9/007, kwenye vifaa na njia za upasuaji wa macho, kwani pete iliyotungwa kwa ajili ya kumsaidia daktari wakati wa upasuaji tu inaweza kuwa imewekwa huko. Maneno nayo yanadanganya. Mmoja ataita kifaa pete, mwingine fremu, mwingine kiunzi, mwingine kapsuli bandia. Mimi hutafuta kwa kazi na kwa mahali: kinakaa wapi, kinasukuma nini, kinashika nini.

Na tafadhali, soma majarida ya madaktari. Katika fani hii madaktari wa upasuaji ndio wabunifu, na daktari mara nyingi huandika makala au husimama kwenye mkutano kabla hajakumbuka wakala wa hataza. Pete ya ukingo wa kifuko ilielezwa na Hara na wenzake wa Japani katika makala ya mwaka 1991. Pete ya wazi ya akriliki ikaletwa na Legler na Witschel mwaka 1993. Robert Cionni, mwaka 1998, akaiongezea pete hiyo kikulabu kinachoshonwa kwenye sklera, ule ukuta mweupe wa jicho, kwa wagonjwa ambao zonuli zao zimeachia sana. Ahmed, daktari mwingine wa macho, naye akaleta kipande cha pete, si duara zima. Hatua zote hizo zilisimuliwa kwenye majarida au mikutanoni, na ukitafuta kwenye hati za hataza pekee unaweza kuandika ripoti safi ambayo daktari yeyote wa macho angeikanusha kwa dakika tano. Angalia pia alichokisema mvumbuzi mwenyewe. Marekani humpa mwaka mmoja wa neema baada ya kutangaza kazi yake. Ulaya, isipokuwa kwa hali chache sana, haimpi hata siku moja.

Turudi kwenye barua yangu ya siku mbili. Hati niliyoiona ilikuwa ya pete ya kukaza kifuko. Inakaa kwenye ukingo wa kifuko na kukisukuma kwa nje ili kiwe duara. Lenzi hukaa ndani ya kifuko hichohicho, lakini pete haiishiki: mikono ya lenzi hugusa ukuta wa kifuko, au huegemea pete kwa bahati tu. Pete ya ombi nililokuwa nalo ilikuwa na mahali pa kuipokea lenzi. Mimi niliandika "pete ya kushikilia" kwa zote mbili, na neno "kushikilia" likaficha tofauti yote. Upya hauvunjwi kwa kufanana. Unavunjwa pale tu hati moja inapoonesha kila sifa ya dai, kwa pamoja, waziwazi au kwa namna ambayo lazima itokee kila mara kifaa kile kinapotengenezwa kama kilivyoelezwa. "Huenda ikatokea" haitoshi.

Upande wa pili wa kosa hilo upo pia, nao ni kuamini maneno ya matumizi kupita kiasi. Kuna mifano ambayo kila mgeni anapaswa kuikariri. Ndoano ya kreni haiwi ndoano ya samaki, kwa sababu ukubwa na nguvu yake havifai kuvulia samaki, ingawa umbo ni lilelile. Kalibu ya chuma kilichoyeyuka haivunjwi upya wake na kitrei cha plastiki cha kugandishia barafu, kwani plastiki ingeyeyuka. Kwa jicho ni hivyohivyo. Pete ya mpira ya kuziba bomba, hata ikiwa na mfereji ndani, si kishikizo cha lenzi ya jicho: haiingii kwenye kifuko cha milimita 10, wala haikutengenezwa kwa nyenzo ambayo jicho linaivumilia. Lakini fremu iliyobuniwa kukaa mbele ya kifuko, yenye ukubwa na nyenzo zinazofaa, inaweza kuwa na uwezo wote unaodaiwa hata kama mwandishi wake hakuiweka ndani ya kifuko. Hapo lazima upige hesabu ya vipimo, usikisie. Wala usichukue rula ukapima mchoro. Michoro ya hataza haichorwi kwa kipimo, isipokuwa hati yenyewe iseme hivyo.

Kuhusu hatua ya uvumbuzi, yaani kama kitu kipya kisingekuwa dhahiri kwa mtaalamu wa fani, nitasema zaidi, kwa maana hapo ndipo haki ya mwombaji na haki ya umma hukutana. Ukishasikia jibu la kitendawili, unadhani ungelitegua mwenyewe. Umesoma ombi, umeona mfereji, umeona jinsi lenzi inavyokaa vizuri, kisha unakwenda kwenye nyaraka za zamani ukiwa na jibu mfukoni. Unakuta pete hapa, mfereji kule, unaunganisha. Dawa ninayoitumia ni kuliweka ombi kando, kuchukua ile hati ya karibu zaidi, na kuandika kwa mkono wangu ni tatizo gani mtu aliyekuwa nayo angeliona. Tatizo hilo lisiwe na jibu ndani yake. "Jinsi ya kuweka mfereji kwenye pete" si tatizo, ni jibu lililovaa nguo za swali. "Jinsi ya kuiweka lenzi mahali panapotabirika na kuiwezesha kubadilishwa" ni tatizo.

Kisha muulize yule mtaalamu wa kawaida wa fani. Katika vipandikizi vya jicho, mimi humfikiria kama watu wawili wanaoketi pamoja: daktari wa upasuaji wa macho na mhandisi wa lenzi. Daktari anataka kifaa kipite kwenye mkato mdogo na kisichubue kifuko. Mhandisi anajua kwamba ukiongeza mfereji unaongeza unene, na unene hufanya kifaa kisikunjike. Je, wangeongeza mfereji huo, au wangeweza tu kuuongeza? Kama hati ya pili inaonesha fremu laini yenye mfereji inayokunjika bila shida, wasiwasi wao umeondolewa na kuunganisha hati hizo kunaeleweka. Kama hati ya kwanza inasisitiza kwamba pete lazima iwe nyembamba kuliko zote zilizotangulia, inawasukuma mbali na mfereji, na itabidi uwe na sababu nzito. Marekani, tangu shauri la KSR dhidi ya Teleflex la mwaka 2007, sababu ya kuunganisha si lazima iwe imeandikwa ndani ya hati, lakini mchunguzi lazima aieleze. "Ni jambo la kawaida" si maelezo.

Mara nyingi utakuta kwenye faili la aina hii dai la njia: njia ya kupandikiza kishikizo, yenye hatua za kutoboa kifuko, kuingiza, kukunjua. Ulaya njia za kutibu mwili wa binadamu kwa upasuaji haziruhusiwi, kwa Ibara ya 53(c) ya mkataba wa hataza, ingawa kifaa kinachotumika katika upasuaji huo kinaruhusiwa. Marekani njia hiyo inaweza kupewa hataza, na hapo pana historia ambayo ni ya jicho hasa. Daktari Samuel Pallin alikuwa na hataza ya namna ya kukata jicho kwa upasuaji wa mtoto wa jicho ili jeraha lijifunge bila mshono, akamshtaki daktari mwenzake, Jack Singer. Madaktari walikasirika sana, na mwaka 1996 bunge liliongeza kwenye sheria ya hataza kifungu cha 287(c), ambacho huwalinda wahudumu wa afya wanapofanya matibabu ya namna hiyo wasidaiwe chochote. Hataza ya njia bado hutolewa huko, lakini daktari anayeitumia chumbani mwake mwa upasuaji kwa kawaida hadaiwi.

Kuna mtego mwingine wa Marekani ambao wahandisi hawautegemei. Sheria ya mwaka 2011 inakataza hataza kwa dai linalojumuisha kiumbe wa binadamu. Dai likisema "pete ikiwa imegusana na kifuko cha lenzi," limekihesabu kifuko cha mtu kuwa sehemu ya kifaa. Likisema "pete iliyoundwa ili igusane na kifuko cha lenzi," mambo yamekaa sawa. Maneno machache tu, na mawakala wazuri huyabadilisha siku hiyohiyo ukiwaonesha.

Kuhusu utoshelevu wa maelezo sitakaa sana. Dai likisema kishikizo "huzuia ukungu wa kifuko" bila kusema kwa umbo gani, limedai matokeo badala ya kitu. Muulize mwombaji ni sifa gani inayoleta matokeo hayo. Usimdai majaribio kwa wagonjwa, hiyo ni kazi ya mamlaka za usalama wa vifaa tiba. Majaribio kwenye macho ya sungura, ambayo seli zake huota upya haraka, huwa yanatosha kuonesha kwamba wazo lina msingi, na wakati mwingine hata hayo hayahitajiki kama utendaji unaeleweka kwa mantiki ya umbo.

Marekebisho ndiyo sehemu ya mwisho ya kusoma kwa makini, na ndipo uchovu hukukuta. Mwombaji, baada ya barua yako, ataongeza kitu. Kiangalie kimetoka wapi. Akichukua mfereji uliooneshwa kila mara pamoja na nguzo nne, akaudai bila nguzo, ametengeneza kifaa ambacho hakikuwemo siku alipoleta ombi. Akiandika kina cha mfereji ambacho hakipo popote kwenye maandishi bali amekipima mchoroni, ni hivyohivyo. Watu hufanya hivi bila hila, wakijaribu tu kuokoa kazi yao. Mwambie mapema, kwa lugha ya kueleweka, nini kingekubalika kutokana na alichokiandika tangu mwanzo. Piga simu kama ofisi yenu inaruhusu. Daktari aliyebuni kifaa akiwa kwenye mstari atakueleza kwa sentensi moja kile ambacho wakala amekizungusha kwa aya tatu.

Faili lile la kwanza niliandika upya barua yake kwa wiki tatu. Nilichora jicho kwa penseli, nikaweka juu yake pete ya zamani kwa rangi moja na pete ya ombi kwa rangi nyingine, na kila neno la dai nikalivutia mstari. Mistari miwili tu ilibaki bila mahali kwenye pete ya zamani, yote miwili ikihusu mfereji. Nikaenda kutafuta mifereji, nikapata fremu moja iliyokuwa na mwanya mpana mno kuushika mkono wa lenzi. Pingamizi langu la upya liliondoka. Lililobaki lilikuwa dhidi ya dai la njia ya upasuaji, na lingine dhidi ya neno "kushikilia," ambalo nilimwomba mwombaji aliseme kwa uwazi zaidi. Alifuta dai la njia, na mahali pa "kushikilia" akaandika mfereji wenye kuta mbili zinazoubana mkono wa lenzi, maneno yaliyokuwa kwenye ukurasa wake wa sita tangu siku ya kwanza.